Ngano ya Mbooni na Ngano ya Arsi

Mimi ni Mkamba wa Kanyangi ambaye riziki yake ilitoka kwa mmea usioota Kanyangi. Miaka thelathini na kitu niliendesha kombaini ya kuvuna ngano, na katika miaka hiyo yote sikuvuna hata shuke moja ndani ya Kitui. Ndugu zangu walipanda mtama, pojo na kunde. Mimi msimu ukifika nilifunga blanketi na spana zangu nikafuata ngano, kwanza Narok, kisha Timau, na mwishoni mbali zaidi.

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi aliponiomba niwaandikie nyinyi mnaosomea mitambo, nilimwambia sina cha kuwafundisha, kwa sababu kombaini za siku hizi zina kioo mbele ya dereva kinachomwambia kila kitu. Akasema niandike yale ambayo kioo hakisemi. Basi nimejaribu. Nitayaweka jinsi yanavyonijia, na yasipofuatana vizuri mnivumilie.

Kosa langu la kwanza lilikuwa umande. Nilikuwa Narok, kazi yangu ni kupaka mashine grisi, na dereva mkuu alikuwa Mzee Mutinda, mtu wa Mbooni, mfupi, mwenye kofia ya majani aliyoifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu. Asubuhi moja aliitwa mjini kuchukua mkanda mpya wa kombaini. Alinikanya nisiwashe mashine mpaka arudi. Lakini jua lilitoka, ngano ikang'aa shamba zima, nami nilikuwa nimeoa karibuni na nilitaka kuonekana dereva. Nikawasha. Aliporudi saa sita nilikuwa nimejaza trela.

Hakunigombeza. Alipanda juu ya trela akazamisha mkono ndani ya ngano hadi kwenye kiwiko. Kisha akanipa punje moja.

"Uma hiyo."

Nikauma.

"Imefanya nini?"

"Imebonyea, Mzee."

"Iliyokauka haibonyei. Hupasuka. Sasa wewe ingiza mkono hapa uone."

Niliingiza. Ndani ya trela kulikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Ngano yenye umande ikirundikwa huanza kujipika yenyewe. Siku tatu nilikuwa juu ya maturubai, viatu nimevua, nikiigeuza ile ngano kwa miguu kwenye jua huku wenzangu wakipita na mashine na kunipungia mikono. Tangu siku hiyo, hata nilipopewa kifaa cha kupimia unyevu, niliuma kwanza. Na nyinyi muume. Betri ya kifaa huisha, meno yanakaa. Angalau kwa umri wenu.

Ile kofia ya Mzee Mutinda ilikuwa na kazi zaidi ya kukinga jua. Kombaini ikipita, aliitupa chini nyuma ya mashine, akapiga magoti, akaiinua na kuhesabu punje zilizokuwa chini yake. Punje chache ni za ndege, ndivyo alivyosema. Zikizidi, basi unakimbia mno, au upepo wa feni unapeperusha ngano pamoja na makapi. "Unamwaga mkate wa mtu," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Kofia hiyo ilikufa kazini. Siku moja upepo wa alasiri uliinyanyua ukaipeleka mbele ya mashine ya pili, na kabla hajasema lolote ikatoka nyuma vipande vipande pamoja na mabua. Tulisimamisha mashine zote mbili tukacheka hadi tukaketi chini. Mzee aliokota kamba ya kiatu, ndiyo pekee iliyobaki nzima, akaitia mfukoni.

Mnajua kwa nini nampenda huyu mtu mpaka leo? Kwa sababu yeye hakuweza kukubali kwamba sisi Wakamba tutavuna ngano ya watu wengine maisha yetu yote kisha tununue unga dukani. Kwao Mbooni kuna baridi, kuna matuta yaliyochimbwa na wazee wake, na mvua si mbaya. Mwaka mmoja alibeba mbegu kutoka Narok akapanda matuta mawili, katikati ya mahindi na maharagwe yake. Ilikuja vizuri. Nilipanda mlima nikaiona kwa macho yangu, inafika kiunoni, masuke yamejaa. Majirani walikuja kuitazama kama mgeni.

Kisha ndege wakaja. Mlima mzima ulikuwa na matuta mawili tu ya ngano, kwa hiyo ndege wote wa mlima walikuwa na mahali pamoja pa kwenda. Mkewe, Mama Mumo, alishinda pale wiki tatu akipiga debe. Walichovuna kilitosha beseni moja. Mwenye mashine ya kusaga sokoni alikataa kwanza, kwa sababu mashine yake imezoea mahindi, mwishowe akakubali na unga ukatoka wa chenga chenga. Mama Mumo akapika chapati. Zilikuwa nyeusi kidogo na ngumu, na watoto walizitazama wakauliza zile nyeupe za pakiti ziko wapi. Mzee Mutinda alizila peke yake, wiki nzima, asubuhi na jioni.

Nilimwambia, "Mzee, hii mimea haipendi kwetu."

Akasema, "Kwani hukuiona? Imependa sana. Shida yake haina mwenzake. Ndege wa mlima mzima, mashine ya kusaga moja isiyoijua, na watoto wangu pia hawaijui. Kitu kimoja peke yake hakiwezi."

Sikumwelewa vizuri. Ilinibidi niende nchi nyingine kumwelewa.

Kampuni iliyonipa kazi wakati huo ilikuwa imeuza kombaini zilizotumika kwa mfanyabiashara mmoja wa Ethiopia, na wakahitaji mtu wa kukaa na madereva wa huko misimu miwili bila kurudi nyumbani katikati. Ngano ya kule huvunwa Novemba na Desemba, wakati huku kwetu ni mvua ya vuli na kila mtu yuko shambani. Mke wangu Kasyoka nilimwacha akipanda, kama miaka mingine yote. Alinikunjia sweta mbili, kwa sababu mtu alimwambia Arsi, huko Ethiopia nilikokuwa nakwenda, kuna baridi. Mtu huyo alisema kweli. Asubuhi kulikuwa na umande mweupe kama chumvi, na watu walijifunika shuka nzito wakapita na punda wao kando ya shamba wakituangalia tukijaribu kuwasha injini.

Dereva niliyepewa nimfundishe aliitwa Jemal. Alikuwa ameendesha lori Moyale na Isiolo kwa miaka, kwa hivyo alikuwa na Kiswahili cha barabarani. "Bosi, hii gari yako inakula dizeli kama ngamia anakunywa maji," ndilo neno lake la kwanza kwangu. Nikajua tutaelewana.

Siku ya kwanza nilimuuliza shamba ni la nani. Nilikuwa mbele ya ngano iliyoshuka bonde na kupanda upande wa pili bila kukatika. Narok ningejibu mwenyewe: hili ni la tajiri fulani, amekodi kwa wenye ardhi, na mwakani akiona haimlipi ataacha. Jemal akaonyesha kwa kidole. Hapa ni kwa fulani, pale kwa fulani, pale kwa mjane Momina, pale kwa ndugu wawili ambao hawasalimiani. Kila mmoja alikuwa na kipande ambacho mashine yangu ingemaliza kabla sijakohoa. Lakini walikuwa wamekaa pamoja wakakubaliana mbegu moja, wakapanda katika wiki ile ile, wakaondoa vichaka vya mipakani, na kombaini iliingia upande mmoja ikatokea mwingine. Hata wale ndugu wawili ngano yao ilisimama bega kwa bega.

Nilisimama pale nikamkumbuka Mzee Mutinda na matuta yake mawili. Nikajiambia, nikirudi tu, nitapanda Mbooni nimwambie.

Sasa niwaambie aibu yangu, kwa sababu kosa la mtu mzima lina mafunzo mengi kuliko la kijana. Msimu wa pili, asubuhi moja, nilinusa grisi ya moto kutoka upande wa ngoma ya kupura. Dereva yeyote anajua harufu hiyo. Ni beringi inaomba msaada. Jemal naye aliinusa akanitazama. Nikamwambia tumalize kwanza hili bonde, tutaangalia tukila. Nilikuwa nimebakiza kipande cha Momina, ambacho nilikiacha mwisho kwa sababu kona yake ilikuwa mbaya kugeuzia mashine. Tulipoanza tu kukiingia, beringi ilipasuka, na ekseli ya ngoma ikapinda. Spea ilikuwa safari ya siku mbili. Na juu ya mlima kulikuwa na wingu jeusi lenye ukingo mweupe, ambalo hata mtu wa Kanyangi asiyejua milima alijua ni mvua ya mawe.

Momina alikuja. Alikuwa mama mwembamba wa umri wangu hivi. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akasema maneno machache.

"Anasema nini?" nilimuuliza Jemal.

"Wacha tu, bosi."

"Niambie."

"Anasema mashine imechoka, iache ipumzike. Anasema usilie."

Sikuwa nalia, lakini nilikuwa karibu. Ngano ikipigwa na mawe hulala chini na punje humwagika, na huyu mama alikuwa na kipande hicho tu. Akaondoka. Nilidhani amekwenda kukaa nyumbani asione. Baada ya muda mfupi akarudi na mundu, na nyuma yake watu wakaanza kutokea kutoka kila upande wa bonde, wanaume, wanawake, kila mmoja na mundu wake. Wale ndugu wawili walikuja, mmoja akaanzia huku, mwingine kule.

Niliomba mundu. Vijana, nawaambia ukweli, mimi niliyekwenda kufundisha uvunaji nilikuwa mvunaji mbovu kuliko wote katika lile shamba. Kwetu mtama tunakata vichwa kwa kisu, mabua tunaacha. Mundu sikuwahi kuushika. Nilikuwa nang'oa ngano na mizizi yake, na Momina alikuwa mbele yangu hatua kumi, kisha ishirini. Mwishowe akarudi nyuma, akanishika mkono wa kushoto na kuugeuza kiganja kitazame nje, ili nikamate mabua kwa chini, na mundu uje kwangu bila kunikata. Kisha akaenda zake. Nilikata vizuri kuanzia hapo, pole pole, mgongo ukiniuma kama umepigwa rungu.

Mawe yalianguka tukiwa tumebakiza ile kona mbaya. Kona ililala yote. Lakini nyingine ilikuwa imefungwa matita na kufunikwa maturubai ya kombaini. Tulijibanza chini ya mashine iliyokufa, watu zaidi ya ishirini, magoti kwa magoti, mawe yakigonga bati juu yetu. Hiyo ndiyo kazi pekee mashine yangu ilifanya siku hiyo.

Mvua ilipoisha Momina alileta mkate wa nyumbani, mpana kama gurudumu la baiskeli, uliookwa ndani ya majani mapana. Alimega akanipa wa kwanza. Halafu akaniuliza, na Jemal akawa anageuza maneno.

"Kwenu ngano huvunwa na nani?"

"Mashine."

"Mashine ikiharibika?"

"Kwetu ngano nyingi hatuvuni wenyewe. Huja na meli."

"Na meli isipokuja?"

Jemal alicheka kuniokoa, akasema, "Usimsikilize, bosi. Hata sisi kuna miaka tumepanga foleni ya mkate. Redio inasema tumejitosheleza. Mimi nyumbani kwangu nasema tumejitosheleza nikiona ghala, si nikisikia redio."

Nimeyaweka maneno ya Jemal hapa kwa makusudi, msije mkafikiri nasema kule ni peponi. Ngano yao nayo hupigwa na mawe, hupigwa na kutu, ule ugonjwa mwekundu wa majani na mabua unaoacha suruali yako kama umepita kwenye vumbi la matofali. Lakini pale ukiuliza ngano ya nani, unaonyeshwa mtu. Hapa kwetu ukiuliza, unaonyeshwa pakiti.

Niliporudi Kenya nilikaa Kanyangi siku mbili tu, nikavuka kwenda Makueni, nikachukua boda boda kupanda Mbooni. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na wale ndugu wawili, nikajiambia, hapo Mzee atacheka.

Mama Mumo alinikuta mlangoni. Aliponiona alikaa kwenye kibao kabla hajasema kitu, nami nikajua.

"Tulimzika wiki mbili zilizopita," akasema. "Tulikutafuta, namba yako haikuwa inaingia."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tuta la juu. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Tulipomaliza kusali alinikaribisha chai, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamenijaa, nilimpa yeye. Nilimweleza bonde lisilo na mipaka, mbegu moja, mundu, mkate. Alisikiliza yote hadi mwisho, mikono kwenye mapaja.

"Yeye angekuuliza ndege," akasema.

"Ndege?"

"Huko ndege wanafanyiwa nini? Hilo ndilo angeuliza la kwanza."

Miezi yote ile sikuwa nimeuliza. Niliona aibu kama siku ile ya trela. Wiki hiyo nilimpigia Jemal simu, akashangaa swali lenyewe. Akasema ndege wanakuja, wanakula, shamba ni kubwa, wanashiba wanaenda. Nilipanda tena Mbooni kumpelekea Mama Mumo jibu hilo. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Alijua," akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilistaafu kwa sababu ya goti. Sasa niko nyumbani, na vitu ninavyovikosa si vile nilivyofikiri. Mshahara sikumbuki sana. Nakosa ile saa ya asubuhi unaposubiri umande uondoke, huna la kufanya, unazunguka shamba unauma punje moja hapa na nyingine pale. Nakosa mavumbi ya mabua kwenye kola. Nakosa kuitwa kijana na mtu mfupi mwenye kofia. Vita vilipoanza kule mbali na meli za ngano zikachelewa, unga ulipanda, na binti yangu Ndinda, mwenye hoteli ndogo Nunguni, mandazi yake yakawa madogo hadi wateja wakamuuliza kama ni vifungo vya koti. Watu wa soko walibishana vita vya watu wengine vinatuhusu nini. Mimi nilikuwa nasikia sauti ya mama mwembamba akiniuliza kuhusu meli.

Sisemi kila mtu wa Mbooni apande ngano. Labda kwetu ni mtama, labda ni muhogo, wataalamu wanajua kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba chochote mtakachopanda, msikipande peke yenu.

Desemba iliyopita mvua ilikuwa inanyesha Kanyangi. Mimi na Kasyoka tulikuwa jikoni, yeye anapepeta pojo kwenye uteo, mimi nimenyoosha goti karibu na moto. Simu ikalia. Alikuwa Jemal.

"Bosi, uko?"

"Niko."

"Niko kwa ngano. Ngoja, usikate."

Kisha akaacha kuongea. Nilielewa baadaye kwamba aliiweka simu mahali fulani juu ya mashine na kuendelea na kazi. Nikabonyeza kitufe sauti isikike jikoni. Injini, halafu ngoma ya kupura, halafu kile kishindo laini cha punje zikimwagika kwenye tanki.

Kasyoka aliacha kupepeta. Miaka yote hiyo hajawahi kuona kombaini, wala mimi sikuwahi kufikiria kumpeleka.

"Hiyo ndiyo ilikuwa inakuweka huko, Baba Ndinda?"

"Ndiyo hiyo."

Aliinamisha kichwa akasikiliza kwa makini, jinsi anavyosikiliza mahubiri.

"Kumbe ni kelele tu," akasema.

Kisha akaweka uteo chini, akavuta kigoda chake karibu na changu, na tukasikiliza pamoja mpaka Jemal akafika mwisho wa shamba.